Mpagazi Mmoja, Wachoraji Wanne

Ukimwuliza mtu wa Tabora ni wapi ilipopita njia ya misafara, hatakosa kukuonyesha miembe. Atanyoosha mkono na kusema, "Pale, ilipo ile miembe mikubwa." Jawabu hilo lina ukweli ndani yake, maana mwembe si mti wa asili wa Unyamwezi, ulikuja na watu waliotoka pwani, wakala embe, wakatupa kokwa. Lakini miembe ina upungufu mmoja kama shahidi: haisemi ni nani aliyepumzika kivulini mwake. Je, alikuwa mfanyabiashara wa Kiarabu na bunduki yake, au mateka mwenye kongwa shingoni, au mpagazi wa Kinyamwezi aliyetua mzigo ili ajadiliane na wenzake kama ujira wa safari hii unafaa au haufai? Wote watatu walipita. Ukitaka kumchora mmoja wao sharti kwanza uamue ni yupi, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Ugomvi huo niliushuhudia hapa hapa Ipuli, na kwa kiasi fulani niliushiriki. Mwaka 2021 kijana mmoja niliyemfundisha zamani katika chuo cha ualimu, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi na mchoraji hodari, alikuja nyumbani kwangu na kishikwambi mkononi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani aliniambia kwamba yeye na wenzake watatu wameanza kuchora picha moja ndefu ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ili itumike mashuleni. Mmoja wa wenzake yuko Bagamoyo, mwingine Dar es Salaam, wa tatu Kigoma. Wanne hao hawajapata kukaa chumba kimoja hata siku moja. "Mwalimu," akasema, "sisi tunajua kuchora. Historia tunaomba utusahihishie wewe."

Nilimwuliza picha hiyo iko wapi. Akajibu kwamba haiko mahali popote, au tuseme iko mahali pote pale wanapoifungua. Kila mmoja anachora sehemu yake kwa kalamu isiyo na wino juu ya kioo, kisha anaituma kwa intaneti, na mwenzake anaipokea na kuendelea pale alipoishia. Picha yenyewe imepangwa kwa matabaka, mithili ya karatasi za vioo zilizolazwa moja juu ya nyingine: tabaka la anga, tabaka la miti, la watu, la mizigo, la vivuli. Mtu anaweza kurekebisha miti bila kugusa watu. Anaweza pia kulificha tabaka zima kwa kubonyeza alama ndogo ya jicho iliyo pembeni. Jicho likifumba, watu hutoweka, likifumbua, hurudi. Nawaomba mlikumbuke jicho hilo.

Sisi tuliofunza ualimu katika miaka ya sabini na themanini tulikuwa na namna yetu ya jambo hili. Vitabu vilipokuwa haba tulitengeneza zana za kufundishia kwa karatasi za manila, na hapakuwa na mwanachuo mmoja aliyeweza kila kitu. Mmoja alichora umbo kwa penseli, wa pili akapaka rangi, wa tatu, mwenye mwandiko mzuri, akaandika maneno. Bango likining'inizwa ukutani lilikuwa la kikundi. Tofauti ni kwamba kikundi chetu kilizunguka meza moja, na mtu akiharibu, wenzake walimwona anaharibu.

Hata hivyo picha ya mikono mingi si jambo lililozaliwa na kompyuta, wala na karatasi za manila. Picha za zamani kabisa za njia yetu hii, zile zilizoenea ulimwenguni, zilifanywa na watu wengi waliokuwa mbalimbali kuliko vijana wangu hawa. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya siku zile, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Speke alipita tena mwaka 1861 akiwa na James Grant. Huyu Grant alikuwa na mkono mwepesi wa kuchora, na kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kilipambwa zaidi kwa picha zilizotokana na michoro yake. Lakini siku zile mchoro wa msafiri haukuweza kwenda moja kwa moja kitabuni. Ulipelekwa kwanza kwa mchoraji wa kazi hiyo, kwa mfano Zwecker, Mjerumani aliyefanya kazi London, ambaye aliuchora upya. Kisha ukaenda kwa mchongaji, aliyeuchonga kinyume juu ya gogo la mti mgumu. Ndipo mpiga chapa alipouweka wino.

Kwa picha kubwa za magazeti ya London utaratibu ulikuwa wa ajabu zaidi. Mti uliotumika ni mwembamba, hautoi ubao mpana, kwa hiyo vipande vidogo viliunganishwa kwa skrubu hadi vikafanya ubao mmoja. Mchoraji alichora picha nzima juu yake. Kisha skrubu zilifunguliwa, na kila mchongaji akapewa kipande chake: huyu anachonga nusu ya mti, yule anachonga kichwa cha mtu ambaye mwili wake uko kwa jirani. Wakimaliza, vipande vilifungwa tena, na fundi mkuu akapitisha patasi kwenye maungio yasionekane. Ukiangalia kwa makini magazeti ya miaka ile utaona mara nyingine mstari mweupe mwembamba unaokata anga kutoka juu hadi chini. Hapo ndipo mkono mmoja ulipoishia na mwingine ukaanza.

Nilipowaeleza vijana habari hii kwa simu, yule wa Dar es Salaam alicheka akasema kumbe matabaka yao yana babu. Naam, yana babu. Lakini babu huyo alikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba katika mlolongo wote ule, kutoka kwa msafiri hadi kwa mpiga chapa, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kubeba mzigo. Chukua picha ya Stanley akikutana na Livingstone kule Ujiji mwaka 1871, ambayo imo katika kitabu cha Stanley cha mwaka uliofuata. Wazungu wawili wanavuliana kofia katikati. Nyuma wamesimama watu walioifikisha safari ile. Wachongaji walikuwa na ustadi wa kutosha kuonyesha mikunjo ya kanzu, lakini nyuso zile zingeweza kuwa za mtu yeyote.

Kuna mahali pamoja tu ninapopajua ambapo watu wa msafara wenyewe walitia mkono. Mnaijua habari ya Chuma na Susi, waliobeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo alikofia mwaka 1873 hadi Bagamoyo. Walipita hapa kwetu Unyanyembe mwezi Oktoba mwaka ule, wakamkuta Cameron, nao hawakukubali shauri lake kwamba maiti izikwe huku bara. Wakaendelea na safari. Mwaka 1874 wawili hao walifika Uingereza wakamsaidia Horace Waller aliyekuwa akitayarisha kitabu cha shajara za mwisho za bwana wao. Waller alikuwa na daftari za marehemu, lakini nani angemweleza yaliyotokea baada ya kalamu ya marehemu kunyamaza? Ni wao. Walimsimulia siku zile za mwisho na safari ya kurudi, na huko huko Uingereza wakatengeneza kibanda kidogo cha mfano kuonyesha jinsi kilivyokuwa kile alichofia. Mimi huona kibanda kile kuwa ndicho picha ya kwanza ya njia ya misafara iliyotoka katika mikono ya watu wa misafara.

Basi turudi kwenye ugomvi. Ulianza kwa kipande cha Tabora, yaani kwetu. Mwalimu wangu kijana alikuwa amechora msafara ukitoka Unyanyembe kwenda pwani. Mbele anatangulia kirangozi na bendera nyekundu, kajifunga ngozi ya mbega. Nyuma yake wanafuata wapagazi wa pembe za ndovu, halafu wengine wenye mizigo midogo, wanawake wenye vyungu na watoto wenye mikeka. Ilikuwa picha ya watu wanaotembea kwa majivuno. Aliituma usiku. Asubuhi alipoifungua alikuta mizigo inaelea hewani na hapana mtu chini yake. Mwenzake wa Bagamoyo alikuwa amelifumba jicho la tabaka la wapagazi, akachora tabaka lake juu yake: watu wenye minyororo. Alikuwa bado hajaipanga vizuri chini ya mizigo.

Kijana wa Tabora alikasirika sana. Alikuja kwangu kabla ya kwenda shuleni, bado hajanywa chai. Nilimwomba apige simu mbele yangu, nami nikazungumza na mwenzake. Nikamkuta ni kijana mwenye adabu na hoja. "Shikamoo mzee wangu," akasema, "mimi sikufanya kwa ubaya. Huku kwetu kila mgeni anayekuja anauliza minyororo. Tukiwaonyesha watu wanaotembea kwa furaha watasema tunaficha biashara ya utumwa." Akaongeza kwamba hata jina la mji wake lina ushahidi: bwaga moyo, maana mateka alifika pale akaacha moyo wake, akijua hatarudi tena.

Hoja hiyo ya jina nimeisikia mara nyingi, na ninaona si haki kuipitia juujuu. Wako wanaolieleza hivyo. Wako pia wanaosema kwamba maneno hayo ni ya mpagazi: amefika pwani baada ya miezi mitatu njiani, anatua mzigo wake, anabwaga moyo, yaani anapumzika na kuondokewa na wasiwasi. Jina moja limebeba watu wawili, mmoja anayelia na mmoja anayeshusha pumzi. Sikuona ajabu kwamba mchoraji wa Bagamoyo alimwona wa kwanza na mchoraji wa Tabora akamwona wa pili.

Hata hivyo kazi niliyopewa ilikuwa ya historia, kwa hiyo nilikaa nikawaandikia kurasa kadhaa, ambazo nazifupisha hapa. Kwanza, utumwa ulikuwepo, na mtu asijaribu kuupunguza. Mateka waliletwa kutoka Manyema na kwingineko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakivushwa na kupitishwa Ujiji. Livingstone mwenyewe alishuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871. Waarabu wa Unyanyembe walikuwa na watumwa mashambani mwao, na sisi Wanyamwezi hatuna ruhusa ya kusema mikono yetu ilikuwa safi, maana wakubwa wetu nao walikuwa nao, walinunua na kuuza. Mkataba wa Sultani Barghash wa mwaka 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Huku bara mambo hayakukoma siku ile.

Lakini pili, mpagazi hakuwa mtumwa. Katika karne ile ya kumi na tisa kazi ya kubeba mizigo kati ya Unyamwezi na pwani ilishikwa zaidi na watu huru waliokwenda kwa ujira, wakalipwa kwa vitambaa, ushanga au fedha. Wanyamwezi walikuwa wakienda pwani na pembe zao wenyewe hata kabla Waarabu hawajajenga Unyanyembe. Waliondoka baada ya mavuno, njia zikiwa kavu, na aliyeweza alijitahidi kurudi kabla ya mvua za kulima. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32, bila kuhesabu mkeka wake, chungu chake na posho yake. Bale la kitambaa waliliita mtumba, na msomaji anayenunua mitumba sokoni leo anatumia neno la babu zake bila kujua. Wapagazi hawa waligoma. Walikataa kuondoka posho ikipunguzwa. Mwenye msafara akiwa dhalimu walitua mizigo usiku wakatoroka, na yeye akaamka porini na marobota yake asijue la kufanya. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko ya jambo hili. Mtu mwenye minyororo hawezi kukugomea kwa namna hiyo.

Wanahistoria wa siku hizi wamelishughulikia jambo hili kwa kirefu; kitabu cha Stephen Rockel juu ya wapagazi kilitoka mwaka 2006. Mwaka huo huo, mwezi Februari, njia yetu iliingizwa katika orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia kule UNESCO, kwa jina la njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ikitajwa Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mtazame lile jina. Limo neno la mtumwa na limo neno la pembe. Aliyeibeba ile pembe hakutajwa.

Kijana wa Kigoma, ambaye kwa kawaida husema machache, alinijibu kwa swali. "Mwalimu, kwani mtu yule yule hawezi kuwa vyote viwili?"

Swali hilo lilinirudisha kwa babu yangu mzaa baba. Yeye alifariki mwaka wa Uhuru, nami nikiwa mtoto wa miaka kumi na moja. Alikuwa na sugu kwenye bega la kushoto, ngumu kama kisigino, na sisi wajukuu tuliruhusiwa kuigusa. Katika ujana wake, wakati wa Mjerumani, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, alikwenda pwani mara mbili na mzigo. Alikwenda kwa hiari yake, maana alitaka mali ya kuolea, na alirudi nayo. Habari za safari hizo alizisimulia kwa raha: walivyoimba, walivyocheza ngoma kambini, kirangozi alivyokuwa mchekeshaji. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Alikamatwa yeye na vijana wengine wa kijiji, wakabebeshwa mizigo ya jeshi. Hakuulizwa ujira. Wabelgiji walipoiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916 yeye alikuwa tayari yuko mbali kusini, na alirudi baada ya muda mrefu, peke yake. Makumi ya maelfu ya watu wa Afrika ya Mashariki walikufa chini ya mizigo ya vita ile, kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya wapagazi hao wa jeshi. Juu ya safari hiyo babu alisema neno moja tu, nalo ni kwamba hawakuimba.

Bega ni lile lile. Mzigo labda ulikuwa na uzito ule ule. Mchoraji atachora nini ili mtazamaji ajue hii ni safari ipi?

Nilipowasimulia hayo, vijana walinyamaza siku mbili tatu. Kisha kazi ikaanza upya, na kuanzia hapo waliifanya kwa namna ambayo mimi nisingeweza kuwashauri, kwa kuwa ilikuwa ya ufundi. Walikubaliana kwanza kwamba mtu asifumbe jicho la tabaka la mwenzake bila kuandika sababu. Hii ilikuwa sheria yao ya kwanza, na kwa kweli ningependa mabaraza fulani ya wakubwa wangekuwa nayo. Halafu wakagawana picha upya. Upande wa Ujiji, kijana wa Kigoma akachora mateka wakishushwa mitumbwini, nyuso zao zikiwa karibu kabisa na mtazamaji, kila mmoja na uso wake. Upande wa Unyanyembe wakabaki wapagazi wa Tabora na majivuno yao. Kijana wa Bagamoyo akachora ufuko wa mji wake ambapo mistari hiyo miwili inafika pamoja: mmoja anatua pembe na kujinyoosha mgongo, na hatua kumi kutoka pale mwingine ameketi na mnyororo, wakiangaliana. Nikiulizwa ni sehemu ipi iliyo bora katika picha nzima nitasema ni hiyo, na ilichorwa na yule yule aliyelifumba jicho.

Yalibaki maungio. Udongo wa Tabora katika picha ulikuwa wa kijivu na wa Kigoma mwekundu mno, na pale vipande vilipokutana ulionekana mstari, kama ule wa magazeti ya London. Yule wa Dar es Salaam alipewa kazi ya fundi mkuu. Alitengeneza orodha ya rangi chache ambazo wote walitakiwa kuzitumia, na akakaa majuma mawili akiyalainisha maungio. Katika muda huo umeme ulikatika mara nyingi, na bando la intaneti lilikuwa likimwishia kabla picha haijamaliza kupanda, maana faili lilikuwa zito kuliko pembe ya ndovu dume. Maneno hayo ni yake.

Ndipo likaja suala la majina, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la rangi. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya vibao vyembamba vya dari. Alifundisha jamaa na rafiki zake. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mtu mwingine, akafa akiwa na miaka minne tu ya kazi. Wanafunzi wake wakaendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Mtindo ukawa wa wote. Kuanzia mwaka 2010 ulionekana katika vipindi 52 vya katuni za watoto vilivyotengenezwa Nairobi na Homeboyz kwa ushirikiano na Tiger Aspect ya Uingereza, vikaonyeshwa na BBC. Wanyama wa vibao vya dari wakatembea na kusema. Nilitazama baadhi na wajukuu zangu nikafurahi. Lakini nilipowauliza Tingatinga ni nani, mkubwa wao alijibu kwamba ni trekta. Hakukosea Kiswahili.

Kwa hiyo niliwasisitizia vijana waandike majina yao yote manne katika picha yenyewe, ndani ya mchoro, siyo pembeni ambako mkasi unaweza kupita. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inatambua kazi ya pamoja, na walioifanya ni wenye haki kwa pamoja. Lakini sheria husaidia zaidi pale majina yanapoonekana. Walichelewa kidogo. Walikuwa wamempa mtu mmoja wa ofisi fulani kipande cha Unyanyembe akitazame tu, na mwisho wa mwaka tukakiona kimechapwa katika kalenda. Chini yake paliandikwa "Picha ya kompyuta". Fikiri, msomaji, kana kwamba kompyuta ilikaa barazani kwangu ikaniuliza habari za kirangozi! Vijana waliandika barua ya heshima. Mpaka leo hawajajibiwa, na mwaka uliofuata kalenda ikaja na mandhari ya machweo.

Majina sasa yamo. Mchoraji wa Kigoma aliyaandika juu ya mizigo minne ya vitambaa, mtumba mmoja kwa kila mtu, kwa herufi ndogo kama alama za wenye mali zilivyokuwa zikiandikwa. Walitaka kuongeza mtumba wa tano kwa ajili yangu. Niliwakatalia, kwa kuwa mimi sikuchora; badala yake niliomba kirangozi apewe sugu kwenye bega la kushoto, na akapewa.

Picha haijakamilika. Kati ya Kilimatinde na Tabora kuna nafasi nyeupe, pale ilipokuwa nyika isiyo na maji ambayo wasafiri waliiita Mgunda Mkali. Kila mmoja alikuwa akiikwepa, kwa kuwa hakuna mji wa kuchora wala ziwa, ni miiba na vumbi tu, na ndiko wapagazi walikofia kwa kiu. Mwalimu wangu kijana ameichukua yeye, kwa sababu, asema, ni jirani yake. Juma lililopita alikuja jioni, akakaa kwenye mkeka, akaniuliza mpagazi alibeba maji yake ndani ya nini. Nilimwambia ni kibuyu, tena kibuyu kilikuwa chake mwenyewe na hakikuhesabiwa katika frasila mbili. Akafungua kishikwambi, akaongeza tabaka jipya, akaanza kuchora vibuyu kimoja kimoja hadi mke wangu akaja kuwasha taa.